Paa la Nyumba na Viungo Vyake: Yampasayo Mkazi Kujua Kabla ya Kuezeka

Nyumba nyingi katika kata za wilaya hujengwa kwa awamu. Msingi huchimbwa baada ya mavuno ya mwaka mmoja, kuta hupandishwa baada ya mavuno ya mwaka unaofuata, na boma huweza kusimama masika mawili au matatu likisubiri fedha za kupaua. Siku mabati yanaposhushwa kutoka kwenye gari, majirani huja kutoa pongezi, na familia huona kwamba safari imefika mwisho. Hata hivyo, ni katika siku hizo za mwisho, wakati mfuko umekwisha kuwa mwepesi na fundi anahimiza kazi iishe, ndipo mambo yanayopanga umri wa paa huamuliwa: idadi ya misumari, aina ya mbao, na namna ya kuifunga kenchi ukutani.

Mara nyingi fundi huamua mambo hayo peke yake, kwa sababu mwenye nyumba hajui majina ya vitu vinavyozungumzwa. Asiyejua papi ni nini hawezi kuuliza kwa nini zimepigwa mbalimbali mno. Asiyejua kenchi hufungwa wapi hawezi kuona kwamba haikufungwa. Makala haya yanaeleza viungo vya paa kimoja baada ya kingine, kazi ya kila kimoja, na mambo ambayo mkazi anaweza kuyakagua kwa macho yake mwenyewe kabla ya kutoa malipo ya mwisho.

Adui wa paa la bati

Mapaa ya zamani yalikuwa mazito. Tembe la Wagogo, kwa mfano, hubeba udongo juu ya miti, na hofu ya mwenyeji wake ni paa kushuka. Bati ni kitu kingine kabisa. Bati la geji 30 lina uzito usiozidi kilo 3 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa upande mwingine, upepo wa kasi ya kilomita 100 kwa saa una shinikizo linalokaribia uzito wa kilo 48 kwa eneo hilohilo. Hofu ya mwenye nyumba ya bati inapaswa kuwa paa kuruka.

Upepo hulishambulia paa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Unapopita juu kwa kasi, hulivuta bati kama anayefyonza. Unapoingia chini ya upenu, au kupitia mlango na madirisha yaliyo wazi, hulisukuma kutoka ndani. Nguvu zote mbili huelekea juu. Kinachozipinga ni mfululizo wa viungo vinavyoshikana: bati hushikwa na msumari, msumari hushikwa na papi, papi hushikwa na kenchi, kenchi hushikwa na ukuta, na ukuta hushikwa na msingi. Mahali popote mfululizo huo unapokuwa dhaifu, hapo ndipo paa litakapoachia, hata kama viungo vingine vyote ni imara.

Nchi imekwisha kuona gharama ya jambo hili. Mwanzoni mwa Machi 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali iliikumba Kata ya Mwakata katika Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, na zaidi ya watu 40 walifariki dunia, wengi wao baada ya nyumba kuwaangukia. Tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika katika Kisiwa cha Mafia na kusababisha upepo mkali na mvua kubwa katika ukanda wa pwani ya kusini. Upepo hauwezi kuzuiwa. Paa lililofungwa vyema, hata hivyo, huwapa waliomo ndani nafasi ya kuuona mwisho wake.

Umbo la paa: mwamba, vipaa na visusi

Mafundi hutofautisha kazi mbili. Kupaua ni kuijenga mifupa ya paa kwa mbao au miti. Kuezeka ni kuifunika mifupa hiyo kwa bati, vigae, makuti au nyasi. Mkataba na fundi unapaswa kutaja kazi zote mbili, kwa kuwa wapo wanaokubaliana bei ya moja na kudaiwa baadaye bei ya nyingine.

Lugha ya pwani ina maneno ya kale ya umbo la paa, na maneno hayo yangali na manufaa. Mwamba ni mti au ubao unaolala juu kabisa, kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine. Kutoka kwenye mwamba huteremka vipaa viwili, kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma. Sehemu za ubavuni, zilizo kwenye ncha mbili za nyumba, ni visusi.

Visusi ndivyo vinavyotofautisha aina mbili kuu za mapaa. Katika paa la pande mbili, vipaa huwa viwili tu, na kwenye ncha za nyumba ukuta hupandishwa kwa umbo la pembetatu hadi kukutana na bati. Katika paa la pande nne, visusi navyo hufunikwa kwa bati na kuteremka kama vipaa. Paa la pande mbili hutumia mbao chache na ni rahisi kulijenga. Paa la pande nne hugharimu zaidi, lakini upepo unaotoka upande wowote huteleza juu yake, na ukuta wa pembetatu, ambao husukumwa na upepo kwa urahisi, haupo. Anayechagua pande mbili ahakikishe kwamba ukuta huo wa pembetatu umefungwa kwenye kenchi na haukuachwa kusimama peke yake.

Mteremko nao una kipimo chake. Paa lililolala sana hukusanya maji kwenye maungio, na hupokea mvuto mkubwa zaidi wa upepo. Kwa bati la kawaida la migongo, mteremko wa nyuzi 20 hadi 30 hufaa sana. Fundi hahitaji kifaa cha nyuzi ili kuupata. Katika nyumba yenye upana wa mita 6, kimo cha mita 1.2 katikati, kutoka usawa wa juu ya ukuta hadi kwenye mwamba, hutoa mteremko wa takribani nyuzi 22. Mwenye nyumba anaweza kuupima urefu huo kwa futi ya mkono.

Katika miaka ya karibuni limeenea paa la kuficha, ambalo mabati yake hayaonekani kwa kuwa kuta zimepandishwa kuyazunguka. Kuta hizo huzikinga kingo za bati dhidi ya upepo. Hata hivyo, maji yote ya paa hulazimika kupita katika mifereji iliyo ndani ya kuta, na majani machache tu yakiziba njia, maji huingia nyumbani. Anayelijenga ajue kwamba amejipa kazi ya kuzibua mifereji kila msimu wa mvua.

Kenchi: mifupa ya paa

Kenchi ni umbo la pembetatu la mbao linalosimama juu ya kuta na kuubeba mzigo wote wa paa. Mbao mbili zinazopanda kukutana juu ni makombamoyo, ambayo mafundi wengi huyaita rafta. Ubao unaolala kutoka ukuta mmoja hadi mwingine ni mtambaapanya, jina lililotokana na mnyama anayeufanya kuwa barabara yake usiku. Kazi ya mtambaapanya ni kuyazuia makombamoyo yasipanuke na kuzisukuma kuta nje. Anayeukata ili kupata dari ya juu, bila kuweka kitu kingine mahali pake, huzipa kuta mzigo ambao hazikujengwa kuubeba. Kati ya mbao hizo kuu huwekwa mbao fupi za kusimama na za mshazari, zinazozuia kombamoyo kupinda.

Kenchi za nyumba ya kawaida hutengenezwa kwa mbao za inchi mbili kwa nne, na husimamishwa kwa nafasi ya mita 1.2 hadi 1.5 kutoka moja hadi nyingine. Zikiisha kusimama, hufungwa pamoja kwa mbao za mshazari zinazopita kutoka kenchi moja hadi nyingine. Mbao hizo hazionekani kuwa na kazi, kwa hiyo ndizo zinazoachwa kwanza ili kupunguza gharama. Zikikosekana, upepo wa ubavuni huweza kuzifanya kenchi ziegemeane na kulala upande mmoja, huku kila moja ikiwa bado nzima.

Mbao nyingi za ujenzi zinazouzwa nchini ni za paina kutoka mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini, likiwamo Shamba la Sao Hill lililopo Mufindi, mkoani Iringa. Paina hufaa kwa kenchi kwa masharti mawili. La kwanza, ubao uwe mkavu. Ubao mbichi hupinda ukikauka juu ya nyumba, na misumari yake hulegea. La pili, uwe umetiwa dawa ya kuzuia mchwa na wadudu watoboao mbao. Rangi iliyopakwa juu tu haitoshi, kwa sababu dawa inayofaa hupenya ndani ya ubao. Mkazi anaweza kuomba ncha ya ubao ikatwe kidogo ili aone rangi ya ndani.

Kufunga kenchi ukutani

Hiki ndicho kiungo kinachosahauliwa kuliko vyote, na hakiongezeki kwa urahisi nyumba ikiisha kujengwa. Juu ya madirisha na milango hupita rinta, yaani mkanda wa zege wenye nondo unaoizunguka nyumba yote. Kabla zege halijamwagwa, vipande vya nondo nyembamba, waya mnene au ukanda wa chuma huchomekwa ndani ya rinta, vikiacha mikia inayotokeza juu. Kozi za tofali zilizo juu ya rinta hujengwa huku mikia hiyo ikiachwa ipite. Kenchi ikisimamishwa, mikia huzungushwa juu ya mbao na kukazwa. Kwa njia hiyo, upepo unaotaka kuing'oa kenchi hulazimika kuuinua ukuta.

Pale ambapo mikia haikuwekwa, fundi huiweka kenchi juu ya ukuta, huziba kwa tofali na udongo pembeni, na huutegemea uzito wa paa kuishikilia. Kama ilivyoelezwa, uzito wa paa la bati ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Bei ya vipande vya chuma vya kuifunga kenchi moja haifikii bei ya bati moja. Uamuzi wa kuviweka, hata hivyo, hufanywa siku ya kumwaga zege, yaani miezi au hata miaka kabla ya mabati kununuliwa. Kwa sababu hiyo, habari za paa zinapaswa kuzungumzwa na mwashi anayejenga ukuta, bila kumngoja seremala anayekuja kupaua.

Nyumba iliyojengwa bila rinta bado inaweza kusaidiwa. Waya mnene hupitishwa chini ya kozi kadhaa za tofali, hupandishwa pande zote mbili za ukuta, na hukazwa juu ya kenchi. Uzito wa kozi hizo hufanya kazi ambayo mkanda wa zege ungeifanya.

Papi na bati

Juu ya makombamoyo, zikienda sambamba na mwamba, hupigwa papi, mbao nyembamba ambazo bati hupigiliwa. Nyumba ya makuti nayo ina kiungo hicho, ingawa hapo huitwa pao, nao ni fito zinazofungwa kwa kamba. Papi za bati jembamba la geji 30 zisiachane kwa zaidi ya sentimita 90, na zisogeleane zaidi karibu na ukingo wa chini na karibu na mwamba, kwa kuwa mvuto wa upepo huwa mkubwa kwenye kingo kuliko katikati. Papi zikiachana sana, bati hupwaya, hupiga kelele usiku wa upepo, na matundu ya misumari hupanuka polepole mpaka yanavuja.

Geji ni kipimo cha unene wa bati, nacho huwachanganya wanunuzi kwa sababu huhesabiwa kinyume: namba ikiwa kubwa, bati huwa jembamba. Geji 28 ina unene wa takribani milimita 0.4, na geji 30 takribani milimita 0.3. Geji 32 ni nyembamba zaidi ya hizo, na haifai mahali penye upepo mkali. Rangi ya bati haielezi unene wake. Mnunuzi asome maandishi yaliyopigwa chapa kwenye bati lenyewe, na ayalinganishe na stakabadhi ya muuzaji.

Bati lina migongo, yaani sehemu zilizoinuka, na mabonde yanayopitisha maji. Mabati mawili yanapokutana ubavuni, moja hulala juu ya jingine kwa mgongo mmoja na nusu. Yanapokutana kwa urefu, la juu hulifunika la chini kwa sentimita 15 au zaidi, na zaidi ya hapo ikiwa mteremko ni mdogo. Kazi ya kuezeka huanzia upande ambao upepo huelekea, na kurudi nyuma kuelekea upande unakotoka, ili midomo ya maungio isiupokee. Wakazi wa muda mrefu huujua vyema upepo wa mvua wa mahali pao, na fundi mgeni anapaswa kuwauliza.

Msumari wa bati

Msumari wa bati una kichwa kipana kama mwavuli, na chini yake huwekwa raba inayoziba tundu. Hupigwa juu ya mgongo wa bati na kamwe haupigwi bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Hupigwa mpaka raba ibane, bila kuuponda mgongo. Msumari wenye shina lililosokotwa huishika mbao kuliko wenye shina laini, na skrubu hushika zaidi ya misumari yote.

Kwenye ukingo wa chini, karibu na mwamba, na kwenye visusi, msumari hupigwa kila mgongo wa pili. Kwenye papi za katikati, kila mgongo wa tatu hutosha. Fundi anayepiga misumari miwili au mitatu tu kwa upana wote wa bati amemwokolea mwenye nyumba fedha kidogo leo, na amemwandalia hasara kubwa. Mwenye nyumba anaweza kusimama chini na kuhesabu vichwa vya misumari kabla ngazi haijaondolewa.

Baadhi ya nyumba huwekewa mawe, matofali au matairi juu ya bati badala ya misumari ya kutosha. Desturi hii ni ya hatari. Upepo ukilinyanyua bati, vitu hivyo huangukia walio ndani au wapita njia.

Kofia na maungio mengine

Vipaa viwili vinapokutana juu ya mwamba hubaki mwanya, nao hufunikwa kwa bati lililokunjwa liitwalo kofia. Kofia huteremka pande zote mbili na kupigiliwa kwenye papi ya juu kabisa, hivyo papi hiyo inapaswa kuwa karibu na mwamba. Paa la pande nne huhitaji kofia pia kwenye pembe zake, pale kipaa kinapokutana na kisusi.

Nyumba yenye umbo la herufi L huwa na mahali ambapo vipaa viwili hukutana kwa ndani na kufanya korongo. Hapo huwekwa bati pana lililokunjwa, ambalo mafundi huliita vali. Maji ya vipaa viwili hupita katika vali moja, na kwa hiyo uvujaji wa nyumba nyingi huanzia hapo. Vali iwe pana, iwe kipande kimoja inapowezekana, na isafishwe majani kabla ya mvua. Mwenye fedha kidogo atafanya vyema kuchagua umbo la mstatili, lisilokuwa na korongo lolote.

Upenu, fisha bodi na mfereji

Upenu ni sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Huukinga ukuta dhidi ya mvua na jua, na kwa nyumba ya tofali mbichi ndio uhai wa nyumba yenyewe. Upenu wa sentimita 45 hadi 60 hutosha. Ukizidi sana, hugeuka kuwa mkono ambao upepo huushika. Anayetaka baraza aiezeke kwa paa lake lenyewe, lililotenganishwa na paa kuu, ili upepo ukiling'oa la baraza usiondoke na nyumba nzima.

Ncha za makombamoyo kwenye upenu hufunikwa kwa ubao mrefu uitwao fisha bodi. Ubao huu huzuia mvua na ndege, huupunguza upepo unaopenya chini ya bati, na huushikilia mfereji wa maji ya mvua, au gata. Pasipo mfereji, maji ya mchirizi huuchimba udongo kando ya msingi, na baada ya miaka michache nyufa huonekana ukutani.

Mfereji una faida nyingine kwa kata zenye shida ya maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ambayo paa lake, pamoja na upenu, limefunika eneo la mita 10 kwa 7 ina mita za mraba 70. Mvua moja ya milimita 20 huliletea lita 1,400. Hata sehemu moja ya tano ikipotea kwa kumwagika na kukauka, hubaki lita 1,120, yaani ndoo 56 za lita 20. Mfereji huteremshwa kidogo kuelekea kwenye tenki, kwa kiasi cha nusu sentimita hadi sentimita moja kwa kila mita. Maji ya kwanza ya msimu humwagwa, kwa kuwa huliosha paa na kubeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Dari huficha mengi

Dari ni kifuniko cha ndani kinachopigiliwa chini ya mtambaapanya. Hupunguza joto na kelele za mvua, na huipa nyumba sura ya kupendeza. Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Paa nalo halihukumiwi kwa rangi ya bati inayoonekana kutoka barabarani. Uimara wake umo katika viungo ambavyo dari itavificha, na kwa hiyo ukaguzi wote ufanywe kabla dari haijapigwa. Iachwe pia nafasi ndogo ya kupanda darini, ili kenchi ziweze kukaguliwa kila mwaka dhidi ya mchwa na uvujaji.

Baadhi ya majengo ya zamani yana mapaa ya asbesto, yaani mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi. Vumbi la asbesto husababisha saratani na maradhi mengine ya mapafu. Mabamba hayo yasikatwe kwa msumeno, yasitobolewe, yasivunjwevunjwe, na vipande vyake visitumike kujengea mabanda. Anayekusudia kuliondoa paa la namna hiyo awasiliane kwanza na wataalamu wa afya ya mazingira wa Halmashauri.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kabla ya kutoa malipo ya mwisho, na kabla ya dari kupigwa, mwenye nyumba amwombe fundi amwonyeshe, mahali penyewe, majibu ya maswali haya:

1. Kila kenchi imefungwa ukutani kwa kitu gani, na kitu hicho kimeshikwa wapi?
2. Mbao za mshazari zinazounganisha kenchi na kenchi ziko wapi?
3. Mbao ni kavu, na zimetiwa dawa?
4. Papi zimeachana kwa sentimita ngapi katikati, na ngapi kwenye ukingo?
5. Bati ni la geji gani, na maandishi yake yanalingana na stakabadhi?
6. Misumari imepigwa juu ya migongo, na kwenye kingo ni kila mgongo wa pili?
7. Maungio ya bati yameelekezwa mbali na upepo wa mvua?
8. Ukuta wa pembetatu, kama upo, umefungwa kwenye kenchi?

Fundi mwenye ujuzi hatachukizwa na maswali haya. Wengi wao hulalamika kwamba huombwa kupunguza misumari na mbao, kisha hulaumiwa paa linapong'oka. Makubaliano ya maandishi, yanayotaja kila kiungo kwa jina lake na idadi yake, humlinda fundi kama yanavyomlinda mwenye nyumba.

Majengo ya umma na huduma za Halmashauri

Maswali hayohayo yanazihusu kamati za ujenzi za shule na zahanati. Vyumba vingi vya madarasa huanzishwa kwa nguvu za wananchi hadi usawa wa rinta, kisha hukamilishwa kwa fedha za Halmashauri au za wafadhili. Kwa kuwa vyuma vya kuifungia kenchi huwekwa kwenye rinta, uimara wa paa la darasa huanza mikononi mwa wananchi wenyewe, hata kama mabati yataletwa na wengine. Kamati imwite mtaalamu wa ujenzi wa Halmashauri kabla ya siku ya kumwaga zege. Akifika baada ya hapo, atakuta kazi imekwisha kufukiwa.

Katika maeneo yaliyopangwa, anayejenga nyumba anapaswa kuwa na kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri, na michoro inayoambatana na maombi hayo huonyesha umbo la paa na viungo vyake. Mkazi anayehitaji maelezo aanzie katika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ambako ataelekezwa kwa wataalamu wa ujenzi. Paa linapong'olewa na upepo, taarifa itolewe mapema katika ofisi hizohizo, ili kamati za maafa ziweze kuorodhesha madhara. Mabati yaliyoachia yasishikwe kwa mikono mitupu, na yasirudishwe juu upepo ungali ukivuma.

Kwa nyumba ambazo tayari zimeezekwa, wakati wa kufanya ukaguzi ni kabla ya mvua kuanza. Msumari uliopanda hupigwa upya au hubadilishwa, raba iliyopasuka huondolewa, vali na mifereji husafishwa, na matawi yanayolielekea paa hukatwa. Kazi hiyo humchukua mtu asubuhi moja, naye huifanya akiwa na ngazi imara, mwenzake akiishikilia chini.